Mlisheni kwa Koleo

Mama mwenzangu, siku mume wako akishuka kwenye bodaboda amepakata ndoo yenye kifuniko, usimuulize ndani mna kilo ngapi. Muulize kwanza kama kilichomo kina meno. Paskazia hakuuliza, na ndiyo sababu kidole cha shangazi wa watu kiliingia mahali ambapo kidole hakitakiwi, na uchumba wa Noela ukaponea chupuchupu.

Paskazia, ambaye Maganzo nzima inamwita Mama Noela, ni mtu wa kuogopa. Hilo halina siri. Maji ya kunywa huyachemsha mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya wadudu waliojificha mara ya kwanza. Radi ikipiga kule Mhunze, yeye huku Maganzo anafunika kioo cha kujitazamia. Noela ni mwanamke mzima, ana saluni yake na wateja wake, lakini akivuka barabara kuu kwenda kazini, mama yake husimama mlangoni mpaka avuke. Mabula, mumewe, humtania kwamba siku yake ikifika atachelewa kuzikwa, kwa sababu atataka kwanza kaburi likaguliwe kama halina nyoka.

Mabula mwenyewe haogopi kitu, na hapo ndipo mke wake alipopatia kazi. Ujanani alichimba dhahabu Geita, akashuka kwenye mashimo ambayo Paskazia hataki hata kuyasikia. Sasa ni dalali wa almasi. Mwaka ule alipouza jiwe zuri kidogo, wenzake walinunua pikipiki. Yeye alikwenda Mwanza akarudi na tangi la vioo, refu kama jeneza la mtoto, na samaki wekundu wadogo wa kuogelea humo. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Wale samaki walikufa mmoja mmoja, wa mwisho akafa Jumapili watu wakiwa kanisani. Paskazia akawasikitikia kwa mdomo, moyoni akashukuru. Akalisafisha tangi, akaweka ndani maua ya plastiki, na kwa muda nyumba ilikuwa na amani.

Ndipo Mabula akaenda Nkome kumsalimia Abel, rafiki yake wa mashimoni ambaye siku hizi ana mitumbwi. Alirudi na ile ndoo. Ndani alikuwemo kamongo, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, mweusi wa matope, mapezi yake membamba kama kamba za viatu, na macho madogo yasiyomtazama mtu.

Mabula alieleza kwa furaha nyingi. Huyu hafi kwa chumvi. Huyu anavuta hewa kama wewe na mimi, anapanda juu, anafungua mdomo, anashusha pumzi. Hata kiangazi kikikausha bwawa, yeye anajizika kwenye udongo na kungoja mvua. Paskazia alisikiliza yote, kisha akauliza kama anang'ata.

"Samaki gani asiye na mdomo, Mama Noela?" Mabula akamjibu.

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua.

Mabula alimpa jina la Mwenyeduara. Duara ndilo shimo la wachimbaji, na mwenye duara ndiye yule anayekaa juu kivulini akingoja walioko chini wamletee. Jina lilimfaa. Alilala sakafuni mwa tangi kutwa nzima, akaamka kwa ajili ya chakula tu. Dagaa wakavu aliwakataa, walowekwe kwanza. Utumbo wa kuku alikula. Vyura wa masika alikula. Ini la ng'ombe ndilo lililomtoa usingizini haraka kuliko vyote. Na alikula vibaya: alikamata kipande, akakitafuna, akakitema chote, halafu akakivuta tena ndani na kuanza upya, mara nne, mara tano, kama bibi anayetafuta meno yake kwenye muwa. Mabula aliita majirani waje kuona. Paskazia alihamishia kula kwake jikoni.

Lakini lililomnyima raha hasa halikuwa kule kutema. Lilikuwa ni mkono. Mabula alikuwa na desturi yake: anagonga kwa kifundo cha kidole, ko-ko, juu ya ubao uliofunika tangi, anauinua, kisha anashusha kipande cha ini kwa vidole vyake mwenyewe hadi kwenye maji. Baada ya wiki chache yule samaki alijifunza. Ukigonga tu, yuko juu, mdomo wazi. Paskazia alimletea mumewe koleo la mkaa, akalisugua mpaka likang'aa, akamwomba alitumie. Mabula akacheka. Akasema samaki hajui koleo, samaki anajua mkono wa bwana wake.

"Ndiyo hilo ninaloliogopa," Paskazia alisema. "Umemfundisha kwamba mkono ni chakula. Siku mkono ukija bila ini, atakula kilichopo."

Mabula akamwambia anaongea kama mwalimu wa sayansi. Paskazia hakubishana. Alikwenda duka la dawa akanunua spiriti, pamba na bandeji, akavipanga kwenye kopo la biskuti, akaliweka juu ya kabati. Vidole vya mume wake alivipenda, pamoja na ubishi wake.

Sasa, Maganzo ni Maganzo, mji wa almasi. Mtu akiokota jiwe hapa, watu hawaulizi amechimba wapi. Wanaulizana amechukua nini. Bi Tabu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja siku moja kuazima kinu, akakaa kuliko kinu kinavyohitaji, na mwishowe akasema, kwa upole, maana ni mtu mwema, kwamba kuna maneno. Watu wanasema yule si samaki. Wanasema ni ndagu, ile dawa ya utajiri yenye masharti yake, na kwamba ndiyo maana Mabula hulisha nyama kitu ambacho hakichinjwi. Wanasema kitu cha namna hiyo hakipokei chakula ila kwenye mkono wa aliyekileta.

Paskazia alicheka. Akamwambia Bi Tabu kwamba kama ile ni ndagu basi imelala kazini, kwa sababu tangu iingie nyumbani hata jiwe la kujengea hawajaokota. Wakacheka wote wawili. Bi Tabu alipoondoka, Paskazia alikaa akitazama lile tangi na hakucheka tena.

Maana Noela alikuwa ameshapata mtu. Wiliam, kijana wa Kishapu, fundi magari, mpole, anayemsalimia Paskazia kwa kuinama mpaka funguo zinamwanguka mfukoni. Noela hakuwa msichana wa kusema sana, lakini tangu Wiliam aanze kuja alikuwa akiimba akiosha vyombo, na mama anayeogopa anajua kuhesabu nyimbo. Ndugu za Wiliam walikuwa wametuma neno: Jumamosi wanakuja kuongea. Watakuja na baba mkubwa, mzee Ngusa, na watakuja na shangazi Mariana.

Mzee Ngusa hakuwa taabu. Taabu ni shangazi. Kwa watu wa Kishapu wazee huongea ng'ombe, lakini nyumba hukaguliwa na shangazi. Atakwenda jikoni kuomba maji ambayo hana kiu nayo. Atakwenda chooni. Atatazama wanaomtazama. Na akirudi kwao akasema neno moja tu, kwamba nyumba ile haikunipokea vizuri, mchumba anatafutwa kwingine. Ndagu kwao si mzaha.

Paskazia akamwambia Mabula amtoe samaki. Ampeleke kwa Bi Tabu kwa siku moja. Mabula akasema Bi Tabu mwenyewe hatamtaka, na kweli hakumtaka. Kwenye ndoo? Ataruka atoke, atambae uani, ndipo watamwona vizuri zaidi. Walibishana hadi wakakubaliana jambo moja ambalo kila mmoja aliliona ni la busara: tangi libaki palepale pembeni mwa sebule, lakini lifunikwe, lionekane kama meza.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, mama mwenzangu, kwa sababu kila alichofanya Paskazia kuanzia hapo alikifanya kwa woga, na woga ni fundi mbaya wa kuficha.

Kwanza alimnyima samaki chakula tangu Ijumaa. Aliona akishiba atatema-tema na kurusha maji mbele ya wageni. Pili, akatafuta kitambaa. Vitenge vyake vizuri vilikuwa kwa fundi, na shuka nyeupe inaonyesha kivuli cha kilicho ndani. Kilichobaki sandukuni kilikuwa kaniki ya marehemu mama mkwe, nyeusi, nzito, haipitishi hata mwanga wa jua. Akaitandaza ikashuka vizuri mpaka chini. Tatu, Noela alileta kibuyu cha maziwa mgando kwa ajili ya wageni, maana watu wa ng'ombe huheshimiwa kwa maziwa, na meza zote zilikuwa na vyakula. Akakiweka pale penye nafasi, katikati ya kaniki. Paskazia akarudi nyuma akatazama, akaona pamependeza.

Hakuona alichokijenga. Kitambaa cheusi, na maziwa juu yake. Kwa mtu aliyekulia kwenye miji yenye vibanda vya kutambikia masamva, wale wazee waliotangulia, ile haikuwa meza.

Wageni walifika jua likiwa limeshachangamka. Shikamoo zikapokewa, habari za mvua zikaulizwa, za mifugo, za pamba. Mzee Ngusa, mnene wa heshima, suruali nyeupe iliyopigwa pasi, akapewa kiti cha mikono, na kiti hicho, ole wake Paskazia, kilikuwa kando ya tangi. Shangazi Mariana, mwembamba, mrefu, alikaa mkabala naye. Akaitazama kaniki. Akakitazama kibuyu. Akaomba maji.

Mambo yalianza vizuri. Mzee Ngusa alikuwa msemaji wa kuzunguka. Alitoka kwa babu yake akaja kwa baba yake, akapita kwenye njaa moja na mafuriko mawili, na alikuwa anakaribia kumfikia Wiliam, pale kitu kilipohema chini ya kaniki.

Fyuuu. Pumzi ndefu, kama ya mtu aliyechoka na maneno ya wengine.

Mzee Ngusa akanyamaza. Mabula akakohoa. Shangazi akauliza ni nini, na Paskazia, kabla hajafikiri, akasema ni friji. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na feni juu ya kichwa cha shangazi ilikuwa imesimama kama msalaba.

Mzee Ngusa aliamua kuwa mstaarabu, akaendelea. Alipofika kwenye lenyewe, kwamba wao wameona ua katika nyumba hii na wangependa kulichuma, alitaka neno liwe na uzito. Wazee wanapotaka neno liwe na uzito hugonga meza. Akanyoosha mkono pembeni yake, akagonga ile meza nyeusi kwa kifundo cha kidole.

Ko-ko.

Mwenyeduara alikuwa hajala tangu Alhamisi. Aliinuka kwa nguvu zake zote akaupiga ubao kwa kichwa. Kaniki ikaruka. Kibuyu kikayumba, kikalala, na maziwa yote yakamwagika kwenye ile suruali iliyopigwa pasi. Samaki akapiga tena, maana kwake chakula kilikuwa kinachelewa.

Mzee Ngusa alikuwa ameshafika mlangoni. Shangazi Mariana alisimama polepole, akafunga kanga yake vizuri kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Mama Noela," alisema, "mmefuga nini humu ndani?"

Neno la ndagu hakulitaja. Halikuhitaji kutajwa. Noela alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la soda mikononi, na chupa zilikuwa zinagongana taratibu. Paskazia aliisikia ile sauti ya chupa. Aliogopa samaki, aliogopa shangazi, aliogopa maneno ya Maganzo. Lakini sauti ya zile chupa aliiogopa zaidi. Akaenda pembeni, akashika kaniki kwa mikono miwili, akaivuta yote ikaanguka chini.

"Ni kamongo, Shangazi. Mume wangu anafuga kamongo. Nilimficha kwa aibu, si kwa lingine."

Mzee Ngusa alirudi hatua moja, akachungulia. Akasema kweli ni kamongo, amewaona kwenye majaruba ya mpunga. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kuridhika kwa kutazama.

"Samaki hafunikwi kaniki akawekewa maziwa."

"Vitenge viko kwa fundi," Paskazia akasema, na yeye mwenyewe akasikia jinsi ukweli ulivyo mwembamba.

Shangazi akafikiri. Kisha akasema walichokuwa wanakisema Maganzo yote, maana maneno hayo Kishapu pia yapo: kitu cha ndagu hakipokei kwa mkono mgeni. Kama huyu ni samaki, atakula kwa yeyote. Mabula akajitolea haraka. Akaambiwa wewe hapana. Noela akajitolea, akaambiwa wewe ni wa humu. Wote wakamtazama mzee Ngusa, naye akaitazama suruali yake, akasema ameshapata sehemu yake kwa leo.

"Basi nitamlisha mimi," shangazi akasema. "Leteni hiyo nyama."

Paskazia alikimbia jikoni akarudi na kipande cha ini kwenye kisahani, na kwa mkono mwingine lile koleo, lililosuguliwa, linalong'aa, ambalo halijawahi kutumika. Alimpa vyote viwili. Shangazi alichukua ini.

"Shangazi, shika na koleo."

"Mimi nimeingiza mkono kwenye tumbo la ng'ombe nikageuza ndama aliyekaa vibaya. Leo nishikie samaki koleo?"

"Shangazi, nakuomba. Hajala tangu juzi."

"Ndiyo vizuri. Mwenye njaa hasemi uongo."

Mabula akainua ubao. Shangazi akashusha mkono, vidole vitatu, ini katikati. Kamongo hakuwa na haraka tena. Alipanda taratibu, akafungua mdomo, akafunga, na ndani mlikuwa na ini lote na kidole cha shahada hadi kifundo cha kwanza. Shangazi Mariana hakupiga kelele. Alisema tu, kwa Kisukuma, maneno ambayo Noela baadaye alikataa kuwatafsiria watu. Mabula akashika mkono wake, hajui avute au asivute. Kilichowaokoa ni ile tabia mbaya ya samaki mwenyewe: alitafuna mara moja, na kama kawaida yake akatema vyote, ili avivute tena. Ini lilisubiri. Kidole hakikusubiri.

Kabla damu haijafika kwenye mkeka, Paskazia alikuwa ameshateremsha kopo la biskuti. Akaosha, akapaka spiriti, akafunga bandeji nadhifu, mikono yake imetulia kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Mtu anayeogopa jambo kwa miezi, likitokea huwa ameshalizoea. Shangazi alimwacha afanye kazi, akawa analitazama lile kopo: pamba, mkasi, bandeji za akiba, vidonge vya maumivu.

"Vyote hivi vilikuwa tayari?"

"Tangu samaki aingie, Shangazi. Nilidhani kidole kitakuwa cha Baba Noela."

Mzee Ngusa ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikampita puani. Halafu Mabula, halafu Noela na soda zake. Shangazi alikaa akikitazama kidole chake kilivyonenepa kwa bandeji, na Paskazia alikuwa bado amepiga magoti mbele yake, hapumui, kwa sababu katika chumba kile kicheko kimoja tu ndicho kilichokuwa na maana.

"Amekula kwa mkono wangu," shangazi alisema mwishowe. "Tena amekula na mkono. Ndagu ina masharti. Huyu hana hata adabu. Ni samaki." Akamgeukia Mabula. "Na malezi yake yametoka kwako."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Paskazia akapumua.

Alimpeleka shangazi zahanati mwenyewe kuchomwa sindano ya pepopunda, hakukubali hapana, na shangazi alipanda bodaboda kidole kimeinuliwa kama mtu anayeomba nafasi ya kuchangia mkutanoni. Waliporudi maongezi yakaendelea. Mzee Ngusa, akiwa amevaa suruali ya Mabula isiyofunga kiunoni, akakumbusha kwamba kwa desturi upande wa mume ndio unaotozwa faini, ya kuchelewa, ya kukosea kusalimu, ya kila kitu. Lakini hakuna desturi inayosema upande wa mke unaruhusiwa kuwang'ata wageni. Wakapunguza ng'ombe mmoja. Mpaka leo, kwa ndugu wale, huyo ambaye hakuja anaitwa ng'ombe wa kidole, na Mabula humkumbuka kila anaponunua ini.

Samaki yupo. Mabula hakukubali kuachana naye, na Paskazia hakulazimisha, lakini ubao una kufuli sasa, ufunguo unakaa kwenye pindo la kanga yake, na koleo limefungwa kwa kamba pale pale kwenye tangi. Mabula analishia kwa koleo akinung'unika. Mwenyeduara wala halalamiki. Yeye hakukosea siku ile. Alifundishwa kwamba mkono ukitokea juu ya maji ni wa kuliwa, akafaulu mtihani. Kama una kiumbe mwenye meno nyumbani, mama mwenzangu, angalia unachomfundisha wakati mnacheka, kwa sababu wewe utasahau na yeye hatasahau. Na kama una kitu cha aibu, usikifunike. Mgeni akikuta samaki ataona samaki. Akikuta kaniki ataona anachokiogopa.

Siku ya kumuaga Noela turubai lilijaa hadi barabarani. Wiliam aliinama kusalimia, funguo zikaanguka kama kawaida. Wageni wa Kishapu wakakalishwa mbele, na ilipoletwa nyama ya kuchoma, sinia zima, inafuka moshi, shangazi Mariana aliitazama, akaangalia kidole chake chenye kovu, akainua sauti ili meza zote zisikie.

"Mama Noela! Hamna koleo?"

Na Paskazia, ambaye ni mtu wa kuogopa, na hilo halina siri, alikuwa nalo kwenye mkoba.